Paka Aliyegeuka Nunda: Utoto wa Mhusika Mwovu katika Ngano ya Kiswahili na Masimulizi ya Mtwara na Ukingo wa Ruvuma

Ikisiri

Visa tangulizi vinavyosimulia utoto wa mhusika mwovu vimeshamiri katika fantasia ya ulimwengu wa leo, na mara nyingi huchukuliwa kuwa zao la saikolojia ya kisasa. Makala haya yanadai kuwa fasihi ya Kiswahili ilikuwa na kisa cha aina hiyo mapema, nacho ni ngano ya Sultani Majnuni na nunda, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Ngano hiyo inasomwa sambamba na masimulizi ya kusini mwa Tanzania: hadithi ya asili ya Wamakonde iliyorekodiwa na Karl Weule, desturi ya vinyago vya midimu, na habari za simba wala watu katika pande zote mbili za Ruvuma. Inahitimishwa kwamba katika ngano ya nunda utoto wa mwovu hausimuliwi ili asamehewe, bali ili mlezi wake aulizwe na mwovu mwenyewe atambuliwe kwa usahihi. Hoja hiyo ina uzito maalumu mahali ambapo utambuzi usio sahihi umewahi kugharimu maisha ya watu.

1.0 Utangulizi

Katika nadharia kongwe ya ngano, mhusika mwovu hana utoto. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa mofolojia ya hadithi uliochapishwa mwaka 1928, anamwingiza mwovu pale tu tendo la uovu linapohitajika. Huja akiwa mzima, hutenda, hushindwa, kisha huondoka. Zimwi la ngano za Kiswahili hufuata kanuni hiyo. Hukutwa porini au ndani ya ngoma yake, likiwa limekwisha kuwa zimwi. Hakuna msimulizi anayeulizwa lilizaliwa na nani, wala hadhira haioni pengo.

Fantasia ya miongo ya karibuni imelifanya pengo hilo kuwa mali. Gregory Maguire, katika riwaya yake *Wicked* (1995), alimpa mchawi wa Oz kuzaliwa, wazazi na shule. J. K. Rowling, katika kitabu cha sita cha mfululizo wake (2005), alimrudisha msomaji kwenye kituo cha watoto yatima London ili amwone Voldemort akiwa bado mtoto aitwaye Tom Riddle. Filamu ya *Maleficent* (2014) ilieleza ukatili wa mchawi kwa kuonesha mabawa yake yakikatwa na mtu aliyempenda. Suzanne Collins (2020) alimfuata Rais Snow hadi katika ujana wake wa njaa na fahari iliyofilisika. Vinatofautiana kwa ubora, lakini swali linaloviongoza ni moja: mwovu huyu alijeruhiwa wapi?

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kuwa swali hilo ni geni na kwamba mwandishi wa Mtwara au Mombasa anayetaka kuandika kisa tangulizi cha mwovu hana budi kuazima. Dhana hiyo haina msingi. Utoto wa mwovu umo katika mojawapo ya ngano za Kiswahili zilizotangulia kuchapwa. Tofauti ni kwamba ngano hiyo inauliza swali jingine.

2.0 Paka asiyekatazwa

Ngano ya Sultani Majnuni imo katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili ambao Steere aliukusanya Zanzibar na kuuchapa London mwaka 1870. Mkusanyaji huyo hakuwa mgeni kusini. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka pwani ya Lindi kuelekea bara, na kundi hilo likaweka makazi Masasi, ambayo leo imo katika Mkoa wa Mtwara. Haidaiwi hapa kuwa ngano hii ina asili ya kusini. Linalodaiwa ni kwamba Unguja na pwani ya kusini zilikuwa zikisafiriana, watu pamoja na maneno yao, na ndiyo maana jina la nunda linakutwa pande zote mbili.

Kisa chenyewe kinajulikana. Sultani ana paka wa nyumbani. Paka anaanza kukamata wanyama wa watu, mdogo kwanza na mkubwa baadaye. Kila watu wanapokwenda kushtaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Paka anapanda ngazi ya mifugo hatua kwa hatua, na hata anapomkamata mtoto wa mtu, jibu la Sultani halibadiliki. Mwishowe paka anahama mjini, anajificha kichakani kando ya njia na kula wapitao. Siku anapowaua wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba anapotamka kwamba huyu si paka tena, bali ni nunda mla watu.

Mambo matatu katika sehemu hii yanastahili kuchunguzwa. La kwanza ni mpangilio wa matukio. Kwa Propp, hadithi huanza kwa katazo, kisha katazo likavunjwa na uovu ukaingia kupitia uvunjaji huo. Katika ngano ya nunda mpangilio huo umepinduliwa. Mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kukataza ndiye anayekataa kukataza. Uovu unalelewa sebuleni, mbele ya mashahidi, ukilindwa na kauli rasmi kila mara unapokua.

La pili ni kauli yenyewe. Sultani anaposema kuwa ndama au ng'ombe aliyeliwa ni wake, anazungumza kama mtawala anayehesabu mali ya raia kuwa mali yake. Kauli hiyo inaweza kuvumilika inapohusu ndama. Inapohusu mtoto wa mtu mwingine inakuwa ya kutisha, na ngano haihitaji kueleza kwa nini. Urudiaji ambao wahakiki wengi huuchukulia kuwa pambo la masimulizi ya mdomo unafanya hapa kazi ya hoja, kwa kuwa maneno ni yaleyale huku kilicholiwa kikizidi kuwa kikubwa. Hadhira inaachiwa ipime umbali baina ya maneno yasiyobadilika na tendo linalokua. Jina la mtawala, lenye asili ya Kiarabu na maana ya mtu aliyepotewa na akili, linaifunga hukumu hiyo kimyakimya.

La tatu ni kwamba paka mwenyewe hana jeraha. Hakupigwa, hakunyimwa chakula, hakudharauliwa. Hapa ndipo ngano inapoachana na visa tangulizi vya leo. *Maleficent* inamtafuta aliyemkata mwovu mabawa, ilhali ngano ya nunda inamtafuta aliyemwachia mlango wazi. Methali za Kiswahili ziko upande wa ngano: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; samaki mkunje angali mbichi; usipoziba ufa utajenga ukuta. Zote zinazungumza na mlezi, si na mlelewa. Utoto katika mtazamo huu ni kipindi cha wajibu wa mtu mwingine. Kuusimulia ni kumwita mlezi shaurini.

3.0 Kumtambua nunda

Nusu ya pili ya ngano imechambuliwa kwa uchache, pengine kwa kuwa inaonekana kuwa safari ya kawaida ya shujaa. Mwana mdogo wa Sultani, ambaye baba yake hamthamini, anaapa kumwua nunda. Anakwenda, anamwua mbwa na kurudi nyumbani akiimba ushindi. Mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anatoka tena na kumwua mnyama mwingine, naye siye. Wanyama wanazidi kuwa wakubwa hadi anafikia tembo, na bado jibu la mama ni lilelile. Kila safari kijana anaongezewa maelezo ya sifa za nunda. Anapomkuta hatimaye amelala, analinganisha umbo analoliona na maelezo hayo kabla ya kutupa silaha.

Mkondo huu umezoeleka kusomwa kama kipimo cha ushupavu: shujaa anaanza na mdogo na kumalizia na mkubwa. Usomaji huo unaacha jambo zito. Wanyama wote waliouawa kabla ya nunda hawakumla mtu. Ngano inawahesabu mmoja mmoja, na kwa kila mmoja inamweka mama atamke kwamba si yeye. Ujasiri wa kijana hautiliwi shaka popote, wala si ujasiri aliokosa. Alichokosa ni maarifa ya kumtambua anayemtafuta, na gharama ya upungufu huo wanailipa wasiohusika.

Nyimbo mbili zinazojibizana zinaunda basi mjadala juu ya ushahidi. Mwana anataka sifa, mama anataka uhakika. Muundo huu unakamilisha nusu ya kwanza kwa ulinganifu mzuri, kwani baba aliyaita mabaya kuwa yake akakataa kuyaona, na mwana anayaita mabaya yasiyokuwa mabaya akaharakisha kuyaua. Makosa yote mawili ni ya utambuzi. Mama anasimama katikati, naye pekee ndiye anayetofautisha kati ya kiumbe kikubwa na kiumbe kiovu. Inafaa kukumbuka kuwa tembo aliyeletwa nyumbani bila shaka alikuwa mkubwa kuliko nunda. Kama ukubwa wa kutisha ungekuwa ndio kipimo, kijana angesifiwa na msako ungeishia hapo, huku nunda akiendelea kulala njiani.

4.0 Kusini: Mahuta, midimu na simba

Pwani ya kusini inatoa mazingira ambamo hoja hiyo ilipimwa nje ya kitabu. William Hichens, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa kuhariri *Al-Inkishafi* (1939) na *Diwani ya Muyaka* (1940), aliwahi kuwa hakimu Lindi katika zama ambazo Lindi na Mtwara zilikuwa jimbo moja la kusini. Mwaka 1937 alichapisha makala kuhusu mnyama aitwaye mngwa, aliyemhusisha na nunda, akieleza vifo vya usiku vilivyotokea pwani na manyoya ya kijivu yaliyokutwa mikononi mwa marehemu. Kwa mhakiki, kuwapo au kutokuwapo kwa mnyama huyo si jambo la msingi. La msingi ni kwamba jina lililotoka katika ngano lilitumika kuwa jina la mshukiwa. Hatua hiyo kutoka ngano kwenda shauri la kijiji inalifanya swali la chimbuko la mwovu kuwa zaidi ya swali la sanaa.

Masimulizi ya uwanda wa Makonde yanatoa majibu mawili mengine juu ya chimbuko hilo. La kwanza limo katika hadithi ya asili aliyoirekodi Weule katika safari yake ya mwaka 1906. Katika vichaka vya Mahuta anatokea mtu asiyeoga wala kunyoa, alaye na kunywa kidogo. Anachonga sanamu ya mti na kuisimamisha makaoni mwake, na usiku sanamu inakuwa mwanamke hai. Wanashuka pamoja hadi Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza anazaliwa akiwa amekufa. Wanakwenda bonde la Mbemkuru, wa pili naye anazaliwa mfu. Wanarudi juu Mahuta, na wa tatu anaishi. Wazao wao wanaachiwa agizo la kutojenga mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti.

Kiumbe cha kwanza katika hadithi hii kina alama zote za zimwi: nywele, uchafu, kichaka, upweke, na kukosa utoto. Lakini hafanywi mwovu. Kinachomwingiza katika ubinadamu ni kupata mtoto anayeishi. Ama mauti, nayo haina uso wala jina la mtu. Imewekwa mahali, katika nyanda za chini kando ya mto, ambako hata leo kukaa na mbu ni sehemu ya maisha. Hadithi hiyo inaieleza hatari bila kumtafuta mtu wa kulaumiwa, na hilo ni jambo adimu katika masimulizi ya asili.

Jibu la pili linatolewa na vinyago vya ngoma ya midimu, au mapiko kama vinavyojulikana upande wa Msumbiji. Kwa asiyetahiriwa, kinyago ni kiumbe kutoka kwa wafu, nacho humtimua mtoto na kumtia hofu. Jandoni kijana anaoneshwa kwamba ndani ya kinyago kuna mtu. Ufunuo huo unaweza kusomwa kama kisa tangulizi kilichoigizwa, kwani mwali anapewa habari ya kabla ya kitisho, na habari hiyo ni kwamba kitisho kilivaliwa. Anayefunuliwa hapa ni mwovu, lakini anayekua ni mtazamaji. Tangu hapo kijana ataendelea kuona ngoma ileile kwa macho mengine, na atatakiwa kuitunza siri ili wadogo zake nao waogope kwa zamu yao. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inapata hapa maana ya ziada: anayelijua zimwi naye haliwi lote.

Jibu la tatu ndilo lenye gharama. Katika Muidumbe, upande wa pili wa Ruvuma, simba waliua watu wengi miaka ya 2002 na 2003. Harry West na Paolo Israel wameandika kwa kina juu ya imani iliyopo katika eneo hilo kwamba baadhi ya simba hutengenezwa na watu, au ni watu waliojigeuza. Israel ameonesha jinsi imani hiyo ilivyoongoza kwenye msako ambamo watu walioshukiwa kuwatengeneza simba waliuawa na majirani zao. Huo nao ni usimulizi wa chimbuko la mwovu: simba hakuzaliwa simba, alifanywa, na aliyemfanya anakaa nyumba ya tatu. Kwa muundo unafanana na ngano ya nunda, kwani nyuma ya mnyama kuna mtu. Lakini umeacha nguzo moja ya ngano, yaani sauti ya mama inayosema kwamba huyu siye.

Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* uchunguzi wa mashambulizi ya simba nchini Tanzania. Walikuta kwamba kati ya 1990 na 2004 watu zaidi ya 560 waliuawa na zaidi ya 300 wakajeruhiwa, na mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika sana. Maelezo yao yanakwenda kwa hatua: wanyama wa kawaida wa kuwindwa na simba wamepungua, nguruwe pori wamebaki na wanaharibu mazao, simba wanawafuata nguruwe hadi mashambani, na wakulima, wakati wa mavuno, wanalala katika madungu kulinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe haohao. Ukisomwa kama masimulizi, mfuatano huo uko karibu na ngano ya Steere kuliko na msako wa Muidumbe. Unaanza na madhara madogo yaliyoachwa yakue, na unauliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuyazuia mapema. Mkulima aliye dunguni anafanana na raia wa Majnuni: alikwisha kushtaki tangu wakati wa ndama.

5.0 Riwaya na majina yaliyokwisha kuhukumu

Je, riwaya ya Kiswahili imeirithi hazina hii? Kwa sehemu tu. Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze* (1952), aliandika fantasia ambamo ndugu wawili waliomtendea ndugu yao uovu wanageuzwa manyani, naye analazimishwa kuwapiga kila usiku. Maumivu ya Adili anapoinua mjeledi ni miongoni mwa mambo yenye nguvu zaidi katika kitabu hicho. Hata hivyo, ndugu hao wanaitwa Hasidi na Mwivu. Jina limekwisha kutoa hukumu kabla ya tendo, na malezi yaliyomfanya mmoja kuwa Adili na wengine kuwa kinyume chake hayaulizwi. Ngano ya nunda ilimpa mwovu wake jina baada ya matendo, nayo ilimwita paka alipokuwa paka. Kwa kipimo hicho ngano imekwenda mbali kuliko riwaya.

Kyallo Wamitila, katika *Bina-Adamu!* (2002), alichukua njia nyingine. Nguvu inayoutesa ulimwengu wa riwaya hiyo inaitwa P.P., jina linalomrejesha msomaji kwa Peter Pan, mtoto wa J. M. Barrie anayekataa kukua. Hapa utoto haumtangulii mwovu, bali ndio uovu wenyewe: nguvu isiyokubali kuwajibika kwa madhara yake. Wazo hilo lingeweza kuungana na kauli ya Majnuni, kwani wote wawili wanauona ulimwengu kuwa mali yao ya kuchezea. Lakini P.P. hana mama wa kumkatalia, wala mlezi wa kuulizwa. Amebaki kuwa ishara ya mfumo wa dunia, na msomaji hapati mahali pa kuanzia shauri.

Uwanja uliobaki wazi ni wa kisa tangulizi kinachojengwa juu ya mantiki ya ngano: mwovu aliyelelewa nyumbani, walezi wenye majina, majirani walioshtaki wakapuuzwa, na mtu mmoja anayedai uhakika kabla ya mkuki. Mwandishi wa aina hiyo atalazimika kuepuka mitego miwili. Wa kwanza ni kuliiga jeraha la Hollywood, ambalo humgeuza mwovu kuwa mhasiriwa na kuwasahau walioliwa. Wa pili ni kumhamishia mlezi uovu wote, jambo ambalo lingeigeuza ngano ya nunda kuwa msako mwingine wa mchawi. Ngano yenyewe inaukwepa mtego huo wa pili: Majnuni anapata hasara na aibu, lakini mkuki unabaki kwa nunda.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kuwa utoto wa mhusika mwovu si mada ngeni katika Kiswahili. Ngano ya Sultani Majnuni inausimulia kwa mpango unaokataa pande mbili kwa pamoja: upande wa mwovu asiye na chimbuko, na upande wa chimbuko linalofuta hatia. Masimulizi ya Mtwara na ukingo wa Ruvuma yanaongeza kwamba chimbuko la kitisho laweza kuwekwa mahali, ndani ya vazi, au mkononi mwa jirani, na kwamba uchaguzi kati ya hayo unaamua nani atahama bonde, nani atakua na nani atauawa. Methali inasema mchawi mpe mwanao akulelee. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni ujanja wa kumfunga adui kwa amana. Ikisomwa pamoja na ngano ya nunda, inaonekana kusema pia kwamba malezi humfunga mlezi, hata aliye mbaya, kwa kile atakachokuwa mlelewa. Majnuni alipewa paka, akapewa na nafasi ya kumkataza tangu ndama wa kwanza.